Mkaguzi wa Nyama Asiyekula Nyama

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi kisu, muhuri na chupa ya wino, akanipeleka machinjioni Lindi. Alinifundisha kupasua ini kutafuta minyoo, kukata tezi kutafuta kifua kikuu, na kuipiga muhuri nyama iliyo salama. Jioni akaninunulia mishikaki. Niliila kwa furaha, maana nilikuwa bado mzima.

Miaka mingi baadaye, nimeshahamishiwa Kilwa, nikashikwa na jongo. Kidole gumba cha mguu kilivimba, hata shuka likikigusa natoa machozi. Daktari akaniambia niache nyama na samaki, nile mboga, kunde na nafaka. Nyumbani haikuwa shida. Mke wangu akipika kisamvu cha karanga, jirani anapiga hodi. Taabu ilikuwa safarini. Kila kijiji kuku ameshachinjwa kabla sijashuka kwenye pikipiki. Ukisema huli kuku, wanaleta samaki. Ukikataa samaki, wanaopoa nyama kwenye mchuzi, wanakurudishia mchuzi ule ule, eti sasa ule.

Likawage ndiko kulikonichosha. Asubuhi nilikagua ng'ombe wa Saidi, mchinjaji pekee wa pale, nyama nikaipiga muhuri. Mchana, kwa mama ntilie, nikawekewa wali na nyama hiyo hiyo. Nikaisukuma kando, nikala wali mkavu. Kabla sijanawa, habari imeshafika sokoni: mkaguzi kaikataa nyama aliyoipitisha mwenyewe.

Saidi akanifuata mbio.

"Shikamoo, bwana mifugo. Wateja wote wameondoka. Ng'ombe mzima ataniozea. Njoo ule kipande kimoja tu, wakuone."

"Marahaba. Nina jongo, Saidi. Nilishamweleza mtendaji, nikamweleza na mwenyekiti."

"Mimi hawajaniambia."

Nikampigia simu mkuu wangu. "Kula," alisema. "Wewe unauguza mguu, mwenzio anapoteza ng'ombe."

Nikala mbele ya watu, vipande viwili, kwa sababu waliosimama nyuma walidai cha kwanza hawakukiona. Nyama ikaisha kabla ya alasiri. Kesho yake sikuweza kuvaa kiatu. Siku tano nililala nyumba ya wageni, nimemkasirikia kila mtu, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Aliyeniletea chakula ni yule yule mama ntilie, Bi Somoe. Alileta mbaazi za nazi na mchicha. Nikamuuliza mbona siku ile hakupika hivyo.

"Mbaazi zilikuwepo," alisema. "Ndizo tulizokula sisi jikoni. Nyama niliambiwa ni ya mgeni."

Sasa nimestaafu. Vijana wa idara wakija kuniomba ushauri, hutarajia niwaeleze habari za ini na tezi. Nawaambia: ukishamsalimu mwenyekiti, zunguka nyuma ukamsalimu anayepika, useme naye mwenyewe. Mimi niliizunguka wilaya nzima nikiwaeleza wanaume, na hakuna hata mmoja aliyeyafikisha maneno jikoni.