Msumari hana kichaa, ameumia mguu

Habari ilinikuta nikianika nguo: mbwa wa fundi viti amepata kichaa. Aliyeileta ni jirani yangu muuza mkaa.

"Mama Pacha, wafungie wanao ndani wakirudi shule. Amenirukia nusura anitoe kidole! Mbwa akichechemea ghafla, ujue kichaa kimeshaingia miguuni."

Nikamwambia aache uzushi. Lakini maneno yale yaligoma kunitoka kichwani. Mapacha wangu hupita kwa fundi kila siku wakitoka shule, na huyo mbwa, Msumari, huwasindikiza mpaka mlangoni. Nikaacha beseni pale pale, nikaenda.

Fundi amechuchumaa kwenye maranda ya mbao. Leo randa haisikiki. Msumari amelala ubavu, anahema haraka. Mguu wake wa nyuma umebanwa kwa vipande viwili vya mbao, kisha umezungushiwa mpira wa tyubu, ukakazwa barabara.

"Mbao imeteleza kwenye rundo ikampiga," anasema fundi. "Nimemfunga kama ninavyofunga kiti nikishapaka gundi. Hapo hata umtikise vipi, haachii."

"Na muuza mkaa je?"

"Si alikuja kuuvuta mguu, eti aurudishe mahali pake! Wewe ukivutwa mguu uliovunjika utacheka?"

Fundi huyu ni mjane. Watoto wake wako mbali, na kazi ya viti ndiyo aliyoishika tangu ujana. Zamani mbao zake ziliibwa kila mara, mpaka akaacha kuweka akiba. "Tangu aje huyu, hata kijiti hakijapotea," anasema. "Akienda Msumari, na mimi nimefunga karakana."

Nimesimama mlangoni, roho juu. "Amechanjwa?"

"Amechanjwa, tena mwaka huu. Muulize daktari mwenyewe, huyu hapa." Anampigia, anaweka simu kwenye spika. Daktari wa mifugo anathibitisha chanjo, lakini yuko mbali, anachanja ng'ombe. Hawezi kufika kabla ya mchana.

Swali lake la kwanza linatushtua. "Vidole vya huo mguu vikoje?"

Fundi anavigusa. Uso unambadilika. "Vimevimba. Na ni vya baridi, daktari."

"Umefunga kwa kitu gani?"

"Mpira wa tyubu."

"Ukate sasa hivi! Gundi ndiyo inayotaka kubanwa, fundi. Nyama inataka damu. Lakini kwanza mfunge mdomo kwa kitambaa, pua uiache wazi. Akianza kutapika au kukosa pumzi, fungua."

"Huyu hajawahi kuning'ata maishani mwake."

"Hajawahi kuvunjika mguu pia."

Nampa fundi kitambaa changu cha kichwa. Anamfunga mdomo, pua anaiacha wazi. Anapopitisha kisu chini ya mpira, Msumari anageuza kichwa kwa nguvu, meno yanagongana ndani ya kitambaa. Pasipo kitambaa kile, meno yangeondoka na nyama ya mkono wa fundi. Mpira unaachia.

"Nina vidonge vyangu vya mgongo," fundi anaiambia simu. "Nimpe kimoja tu, apate nafuu?"

"Ukimpa hicho, mguu hautakuwa tatizo lako tena. Unaweza kumwua. Chakula pia usimpe, huenda nikamlaza kwa dawa ya usingizi nimtibu. Atulie tu."

Tunamtelezesha kwenye ubao wa benchi ambalo halijamalizika, juu yake blanketi. Tunakaa. Fundi anagusa vile vidole, anasubiri, anagusa tena. Siku nzima hauzi hata stuli.

"Vina joto," anasema mwishowe. "Mama Pacha, hebu shika na wewe."

Nikashika. Vilikuwa na joto.

Daktari alipofika alikuta mfupa umevunjika kweli, akaufunga upya kitaalamu. Alisema mpira ule ungekaa mpaka yeye afike, angekuwa anazungumzia kukata mguu. Muuza mkaa alichungulia mlangoni. "Kumbe mzima?"

"Mzima," fundi akajibu, "na anakukumbuka vizuri."

Sasa fundi anatengeneza rafu yenye kingo, mbao zisiteleze tena. Ule ubao wa benchi ameutia mishikio na kuutundika mlangoni. "Mnyama wa mtu yeyote akiumia, aje auchukue. Ila tyubu zangu asiziguse," anasema. Anatumaini Msumari atarudi kulinda mguu ukipona.

Nawaomba wenzangu, mnyama akiumia, kabla daktari hajafika:

Usiuvute mguu wala kuunyoosha.

Usikaze kwa mpira, waya au kamba. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi.

Usimpe dawa ya binadamu, wala chakula kabla hujamuuliza daktari.

Usimshike kabla hujamfunga mdomo, hata kama umemlea wewe.

Akikung'ata, usipuuze. Osha kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Usitangaze kichaa kabla daktari hajamwona. Watu huja na marungu.

Usiruhusu mtoto amkumbatie. Wangu walilia pale mlangoni mwa karakana, na Msumari alipowasikia akatikisa mkia. Sikuwaruhusu.