Pakiti za Kwenye Waya

Kwa miaka minne niliuza pembejeo kwenye duka la mjomba wangu, Kariakoo, mlango wa tatu kutoka kwenye kona ambapo malori ya mizigo hugeuzia. Tulikuwa na mbegu, dawa za wadudu, mabomba ya kupulizia, na mbolea za viwandani tulizowapimia kwa kilo wenye bustani ndogo. Duka lilikuwa jembamba, na jua la alasiri liliingia mpaka katikati yake.

Mbolea yenye bakteria ilifika ikiwa ndani ya kasha lenye barafu. Msambazaji, dada mmoja mwenye subira, alitueleza hatua kwa hatua. Ndani ya pakiti kuna unga mweusi, na ndani ya unga kuna bakteria walio hai. Mkulima anaupaka kwenye mbegu za kunde, choroko au soya. Bakteria wanaingia kwenye mizizi, wanatengeneza vinundu, na humo wanaivuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Baada ya mavuno ardhi inabaki na nguvu kuliko mwanzo. Kisha akasema, mara mbili, kwamba pakiti zisikae juani. Bakteria wakipata joto wanakufa, na unga haubadiliki rangi wala harufu.

Mjomba alisikiliza yote. Dada alipoondoka, akazibana pakiti kwenye waya uliopita juu ya mlango.

Hakuwa mtu mbaya. Alitoka Kilimanjaro akiwa kijana, na biashara alifundishwa na mtaa huu, ambako kitu kisichoning'inia hakipo. Mteja anasukumwa na umati. Akiinua macho mara moja, umpate hapo hapo. Majirani zetu walitundika sufuria, viatu, hata magodoro. Sisi tukatundika bakteria.

Siku ya pili nilizihamishia kwenye friji ya soda.

"Nani kaweka mbolea kwenye vinywaji?" mjomba aliuliza asubuhi.

"Mimi, mjomba. Yule dada alisema zikae baridi."

"Na mteja atajuaje kama zipo?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia nani, anayepita njiani? Wewe redio?" Alizitoa moja moja, akizifuta maji kwa kitambaa. "Halafu hao wadudu wako, kama wanaogopa jua, shambani watafanyaje?"

Nilikuwa na jibu, kwamba shambani wanafukiwa pamoja na mbegu. Lakini kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, naye alishapanda kwenye stuli.

Zilikaa pale wiki tatu kabla hajaja mama mmoja kutoka upande wa Mkuranga, mjane, ana kitenge kiunoni na vumbi jekundu kwenye ndala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Bwana shamba katwambia kuna mbolea ya kuamsha ardhi iliyochoka. Si ile pale juu?"

Mjomba alikohoa kidogo, nijue nani aliyekuwa sahihi.

Wakati natafuta fimbo ya kushushia, mama alinieleza habari za shamba lake bila kuulizwa. Ekari mbili, mihogo mwaka hadi mwaka, na sasa mihogo yenyewe myembamba kama vidole. Shemeji zake walitaka ardhi ikatwe viwanja. Kikao cha ukoo kilimpa vuli hiyo moja: ikizaa, aachiwe, isipozaa, iuzwe.

"Wanasema nimekalia mchanga tu," alisema. "Nataka niwaonyeshe choroko."

Pakiti ilikuwa ya moto mkononi mwangu. Hatukuwa na nyingine isiyokaa juani, na mzigo mpya ungefika baada ya mvua kuanza. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamweleza mama kwa uangalifu sana: maji kidogo yenye sukari ili unga ushike kwenye mbegu, achanganye kivulini, apande siku hiyo hiyo. Alirudia kila neno kama anayejifunza dua.

Alirudi mwanzoni mwa Januari na miche mitano ya choroko ndani ya gunia bichi. Majani yalikuwa ya njano. Aliilaza juu ya meza nami nikaipangusa udongo mizizi kwa kidole. Ilikuwa safi kama uzi. Hapakuwa na kinundu hata kimoja.

"Nilichanganya chini ya mkorosho," alisema. "Nikafunika kwa kanga, jua lisizione mbegu. Nikapanda kabla ya adhuhuri."

"Mama, hizi mbolea mpya zinataka ustadi," mjomba alisema akiwa amekaa kwenye kiti chake. "Ungechukua urea tu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakuja kudai chochote. Shemeji zake walikuwa wameshamleta mpimaji, na mawe ya mipaka yalifika hadi karibu na jiko lake. Yeye angehamia Magomeni kwa binti yake, kwenye chumba kimoja, ua wote saruji.

"Nilitaka kujua tu nilikosea wapi," aliniambia. "Nimefikiri sana. Sukari niliijaza mkono. Mwanangu, itakuwa sukari?"

Mjomba alikuwa ananitazama. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, na mimi nilijua jibu tangu siku ile kasha lilipofunguliwa.

"Inawezekana, mama," nikasema.

Alishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Akakunja gunia lake, akaiacha miche mezani, akanishukuru. Alisema wenzake kumi na wawili wa kikundi bado wana mashamba, na masika watajaribu mbolea hii hii. Atapita kwa kila mmoja kabla ya kuhama, awaambie wapunguze sukari.