Vumbi la Gari la Sinema

Nakumbuka vumbi kwanza, mwanangu, kabla sijakumbuka gari lenyewe. Umetoka Nairobi mpaka hapa Habaswein kuniuliza historia ya hii landrova iliyolala uani kwangu, eti kwa sababu ni maarufu, ilionekana kwenye sinema. Kaa basi, chai inakuja. Nitakusimulia, ila usinikatize. Mimi nikikatizwa hukasirika.

Gari hili lilinunuliwa na mama yangu, si mimi. Mwalimu mmoja wa kutoka bara alikuwa akihamishwa, akaliuza, na mama akatoa ngamia wake watatu wa maziwa ili mwanawe apate kazi. Akaliita Adey, jina la ngamia wake mweupe, na kila asubuhi alilipiga kofi ubavuni kama anavyofanyiwa mnyama aliyelala vizuri. Nilibeba maji, mbuzi, maharusi, wagonjwa wa kupeleka Wajir. Tuliishi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakaja watu wa sinema na kamera zao. Walilipenda gari langu. Wakalipaka rangi ya mchanga, wakachora nyota nyekundu mlangoni, wakabandika matundu ya risasi ya uongo. Sisi tuliokuwa tumeyaona ya kweli tulicheka sana. Mchezaji wao mkuu alizama mchangani mara tatu kwa kutojua kuendesha, basi wakanivika mimi kofia yake na kitambaa cha usoni. Yule dereva shujaa unayemsifu, wallahi, ni mimi. Mkubwa wao aliniamuru jambo moja tu: nikishaanza kukimbia, nisisimame kwa lolote. Nami sikusimama. Karibu na kisima nilimpita mwanamke mmoja na punda wake, nikamwachia vumbi, wala sikugeuka.

Walipoondoka waliniambia nisiiguse ile rangi, watarudi baada ya mvua, wapige picha za sehemu ya pili. Ahadi ni deni, nikawaamini. Nikalifunika gari kwa turubai. Mbuzi marufuku, mitungi ya maji marufuku. Watu walikuja kulitazama, nami nikitembea kifua mbele, kijana wa ovyo kabisa.

Mvua hiyo ikapita, na wageni hawakuonekana. Wakati huo dada yake mama alikuwa mgonjwa kule Kutulo. Mama akaja, akasimama kando ya turubai, akaniomba nimpeleke akamwone. Nikamwambia asubiri, rangi ikichubuka wageni watanikataa. Mwezi uliofuata akaniomba tena. Mara hiyo nilimjibu kwa ukali, Mungu anisamehe. Hakubishana.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Wageni wako wakishamaliza, utanikumbuka."

Akapanda lori la mizigo, juu ya magunia, siku mbili njiani na vizuizi vyote vya askari. Alimkuta dada yake amezikwa juzi yake.

Abti, yaani mjomba wangu, ndiye aliyenikemea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alilifunua turubai kwa fimbo, akalizunguka gari mara moja, kisha akanitazama.

"Ngamia akikataa kumbeba aliyemnywesha, sisi humchinja," alisema. "Wewe wako unamfunika asipigwe na jua."

Wiki hiyohiyo nilimpeleka mama Kutulo, na miiba ikaichuna ile rangi yote. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulisimama kaburini, mama akaomba dua, tukarudi. Wageni nawangoja mpaka leo. Mama naye alifariki mwaka wa mafuriko makubwa.

Sinema yenyewe niliiona baada ya hapo, kule Garissa, katika ukumbi wa video, watu wakitoka swala ya alasiri. Gari lilipotokea, vijana walipiga mluzi. Mimi pia nilikuwa nimekuja kutazama gari, kama wewe. Basi pale kisimani nikamwona yule mwanamke na punda wake, mtandio wa bluu, bega la kushoto limeinama kidogo. Alikuwa mama yangu. Ameinua mkono. Hajikingi vumbi, mwanangu, ananisimamisha mimi. Kofia na kitambaa havikumdanganya, gari lake alilijua. Amechoka, amemwona mwanawe anakuja, amefurahi. Gari linampita. Vumbi linamfunika, na kabla halijatulia, picha inakatwa.

Nilimwomba mwenye ukumbi arudishe nyuma. Akarudisha mara nne, watu wakaanza kunung'unika, nikatoka nje nikalia barabarani, mwanamume mzima na ndevu zake. Miaka yote ile mama alinipikia chai na hakuniambia kuwa ni yeye. Na sina picha nyingine yake hata moja, watu wetu wa zamani hawakupenda kupigwa. Nina ile tu. Kila nikiiona nangoja vumbi litulie niuone uso wake, na halitulii. Nimemkosa sana mama yangu.

Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi niliusikia msemo huo shuleni nikaucheka. Usiucheke wewe. Ulichopewa na watu wako, wahudumie nacho wao kwanza, kingali na rangi yake. Sifa za wageni zitapita na wageni wenyewe. Na mzazi akiomba mara moja, hesabu kwamba ameshaomba moyoni mara kumi. Akiinua mkono njiani, simama, hata kama dunia nzima imekuamuru ukimbie.

Mungu akupe gari zuri kuliko hili, mwanangu, na akuwekee hai mzazi wa kumpakia. Umesema sinema hiyo unayo kwenye simu. Basi kabla hujapiga picha zako, nifungulie pale kisimani, na ukifika penye mkono usiharakishe.