Sentensi ya Dobi

Darasa la kisomo cha watu wazima la Mama Chaki lina sheria moja: ukiingia umechelewa, unasoma kwa sauti kilichoandikwa ubaoni ndipo ukae. Hakuna kuponyoka. Hata fundi aliyekuja kurekebisha mlango alisoma "Kuku ametaga" huku jasho likimtoka.

Wiki ile somo lilikuwa ukatili wa kingono. Kijitabu kilichotoka kwa mratibu wa kisomo kiliagiza kila mwanamke asimame, aeleze yaliyompata, kisha jina lake lijazwe kwenye fomu. Mama Chaki alikisoma nyumbani akakitupa chini ya meza. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alisimulia yake mbele ya karani, mlinzi na foleni nzima, na karani akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Hasira ile hajaimeza mpaka leo, wala hana mpango wa kuimeza.

Basi akafanya ya kwake. "Jamani, anayetaka kutoka atoke, haulizwi. Andikeni mnachotaka. Usiyetaka, andika vitu vya sokoni. Karatasi ni yako, ondoka nayo." Kisha akawaeleza zahanati ipi ina daktari wa kike. Dobi, mama wa makamo ambaye tangu aanze kisomo alikuwa akiitikia salamu tu, alijaza ukurasa, akaukunja, akautia kifuani.

Wiki iliyofuata mratibu akaingia somo limeshaanza, akaupita ubao kama hauoni.

"Mwalimu, nataka fomu. Bila majina, darasa nalifunga."

"Funga. Kesho tunakaa uani kwangu."

Mratibu akazungusha macho, yakatua kwa dobi aliyeinamisha kichwa. "Wewe mama, yalikupata?"

Mama Chaki alitaka kumjibia, lakini dobi alikwisha kuinuka. Akafuta ubao, akashika chaki, akaandika herufi moja moja, kwa vidole vilivyochubuliwa na sabuni. Hakuna aliyemsaidia. Mratibu akatazama saa yake mara mbili.

Alipomaliza, dobi akamgeukia. "Umechelewa, baba. Soma."

Wanawake wote wakamkodolea macho. Mratibu akakohoa, akasoma chinichini: "Nitasema nikitaka, kwa nimtakaye."

"Kwa sauti," akasema dobi.

Akarudia, fomu tupu ikining'inia mkononi mwake.