Bei ya Kuanzia

Kwa miaka kumi na tisa Tupokigwe aliuza mchele wa Kyela sokoni Tandika, na hakuna mteja aliyewahi kutajiwa bei aliyoitaka yeye mwenyewe kweli. Ukiuliza kilo, anakutajia ya juu; unakunja uso, anashuka, unapanda, mnakutana. Magoti yalipogoma kusimama akauza kizimba, akahamia kwenye nyumba yake ya Boko, na mtaji wote akaununulia hisa. Siku hizi soko lake ni simu. Ananunua, zikipanda kidogo anauza. Huo ndio ugali wake. Mtaji ukikatika, ni kurudi Tandika kusimama, na magoti yenyewe ndiyo hayo.

Tangu Machi soko limelala. Bei zinashuka taratibu, wanunuzi wa siku nzima unawahesabu kwa vidole. Akajiwekea sharti, akaliandika kwenye kipande cha boksi juu ya meza: IKISHUKA SHILINGI ISHIRINI, UZA. Hisa zake elfu tano alizinunua kwa mia nne na ishirini kila moja. Mwisho, basi, ni mia nne.

Jumanne, saa nne asubuhi, zikafika mia nne. Mnunuzi alikuwepo, anazitaka zote. Tupokigwe akaandika mia nne na kumi.

Najma, jirani aliyemfundisha biashara hii, akaingia kurudisha sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akachungulia simu. "Mbona mia nne na kumi? Mtu si anatoa mia nne?"

"Hiyo bei ya kuanzia. Yeye apande, mie nishuke, tukutane mia nne na tano."

"Huyo hakusikii, mama. Hajui hata kama upo."

"Mnunuzi ni mnunuzi."

"Wa Tandika ulikuwa unamwona kwa macho."

Saa tano mnunuzi akatoweka. Wa Tandika huondoka hatua tatu, akisubiri kuitwa. Huyu hakuna wa kumwita. Tupokigwe alikaa na simu mapajani, chai ikapoa, mgongo ukaanza kuuma kama zamani alipobeba magunia. Saa saba kukawa hakuna mtu kabisa. Saa tisa akajitokeza mwingine: mia tatu themanini na tano.

Kidole kilitaka kuandika mia tatu tisini. Kilizoea.

Akaandika themanini na tano. Zikauzika zote kabla hajameza mate. Angefuata sharti, angepoteza laki moja tu. Kuvutana na mtu asiyekuwepo kulimwongezea hasara ya elfu sabini na tano. Mtaji ulichubuka, ila ulikuwepo.

Najma akapiga simu jioni. "Umeuza?"

"Nimeuza."

"Kesho unanunua?"

"Kesho naangalia tu. Nimechoka."

Akachukua kalamu, akaongeza kwenye boksi: KWA BEI YA MNUNUZI. Nje muuza samaki alikuwa akiita, vibua fungu elfu tatu. Tupokigwe akamwambia elfu moja na nusu, wakakutana elfu mbili.