Baba mkwe na yoga yangu ya tezi

Leo baba mkwe amenibembeleza akiwa nyuma ya mlango.

Kaja kutoka Kiriba kutusalimia hapa Bweri. Na mnajua kwetu, mkwe haingii chumbani kwa mke wa mwanawe, hata nyumba ikiungua.

Mimi dawa za tezi ya shingo namezaga kila siku, ila yoga inanitulizaga. Asubuhi nikajifungia, nikaanza ile ya kutoa pumzi ukivuma kama nyuki.

Mara nasikia, "Mama, usilie. Nipo hapa nje."

Jamani! Chekeni tu.

Nikamwambia, "Silii baba, ni mazoezi ya pumzi."

Halafu nikasikia anaburuta kigoda, anaegemea mlango, anavuma na yeye, besi ile ya kwaya.

"Endelea, mama. Pumzi ikikuishia, nakushikia."

Hapo ndipo nikalia kweli.