Jina Langu Mbele ya Anwani

Nilimkimbia mume wangu kutoka Bukavu, nikavuka mto Rusizi na nguo nilizovaa, nikapata kazi Bugarama, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga. Barua pepe zote za wateja nilizipokea mimi. Binti mmoja wa mji wa Kamembe aliyetutengenezea tovuti aliniuliza kama aliweke jina langu kwenye kiungo cha kutuandikia. Mtu akikibonyeza, alieleza, barua itafunguka na jina langu mbele ya anwani, ili ajue anamwandikia nani. Nilikubali. Nilimpa jina kamili, lile la kwa baba yangu. Miaka mingi nilikuwa nimeitwa mbwa.

Mume wangu alikuja mchana, mashine za kukoboa zikinguruma. Alisimama mlangoni, akaninyooshea simu yake. Ilikuwa imefunguka barua isiyo na neno hata moja, ila jina langu tu, mahali pa anayeandikiwa.

"Ulizani sitakupata?" alisema. "Ulijiandika weye mwenyewe."

Alinipiga usoni na simu hiyohiyo, kisha kwa ngumi. Nilipoanguka alinikanyaga mkono, nikahisi mfupa unavunjika. Nililia, lakini mashine zilimeza sauti yangu. Akanishika nywele, akanigonga kichwa kwenye mzani. Kidole chake gumba kikapita karibu na mdomo wangu, nikaking'ata, nikaonja damu yake, sikuachia.

Wamama waliokuwa wakianika mpunga uani waliona miguu yangu ikirusharusha mateke. Waliingia na reki zao za mbao. Walimpiga mgongoni, magotini, mdomoni. Meno yake yakaangukia kwenye pumba. Nilitaka wamuue. Msimamizi wetu ndiye aliyejilaza juu yake mpaka polisi wakaja kumchukua.

Binti wa Kamembe alinikuta hospitali nimefungwa plasta. Alilia, akasema jina ameshalitoa, imebaki anwani tupu. Nikamwambia alirudishe.

"Maman, na bandugu zake je?"

Nilikuwa nikiwafikiria wao tangu asubuhi. Midomo ilikuwa imevimba, nikasema polepole: "Rudisha. Batu bajue banaandikia nani."

Alilirudisha palepale, ameketi ukingoni mwa kitanda changu. Mkono haukunyooka tena vizuri. Kazini nimegeuza meza, siku hizi naandika nikiutazama mlango.